Tiketi ya mwaka 1980

Tiketi ilikuwa imechapwa 01/01/1980. Dada wa dirishani aliisoma mara mbili, kisha akanisukumia kwenye kitundu cha kioo kana kwamba mimi ndiye niliyeichapa. "Fundi, abiria ameigomea hii. Anasema mwaka huo hata baba yake hajaoa." Foleni ilishafika kwenye mwembe, makuli wanasukuma matoroli ya soda na mabati huku wakipiga kelele watu wapishe njia, na boti ilikuwa imepiga honi ya kwanza.

Hiyo ilikuwa Mwanza, mwaka 2009, kwenye ofisi ya boti za visiwani. Jina la kampuni naliacha. Mzee mwenye boti ameshatangulia mbele ya haki, na wanawe tukikutana Kirumba tunasalimiana vizuri tu, sina sababu ya kuharibu salamu.

Wakati huo nilikuwa na kibanda Makoroboi, natengeneza redio, deki na simu. Kompyuta nilijifunzia kwenye maiti: mtu akikosa hela ya kukomboa mashine yake inabaki kwangu, naichokonoa mpaka inieleze ilikufa kwa nini. Sikuitwa pale bandarini kwa sababu ya sifa. Niliitwa kwa sababu nilikuwa karibu na fundi wao alikuwa amehamia Geita kutafuta dhahabu.

Tatizo lilikuwa dogo. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani kuna betri ya duara, kama sarafu, volti 3, kazi yake kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri ikifa na umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine inaamka haijui leo ni lini. Ile ilikuwa inatumia DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, na kalenda ya DOS inaanzia tarehe 1 Januari 1980. Nyuma ya hapo kwake dunia haipo. Nikafungua skrubu nne, nikatoa betri iliyokufa, nikaweka nyingine, nikaandika tarehe, dada akaendelea kukata tiketi. Dakika saba hivi.

"Shilingi ngapi?" mzee akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kanzu imekunjwa magotini, anahesabu magunia kwa macho.

"Elfu tano na mia tano, mzee. Betri elfu moja na mia tano, ufundi elfu nne."

"Elfu nne kwa skrubu nne." Akageukia watu. "Huyu kijana ni elfu kwa skrubu!"

Jina likanikaa. Hadi leo kuna makuli pale wananiita Elfu kwa Skrubu, na vijana wengine wanadhani ni jina la ukoo.

Lakini alinipenda. Wiki iliyofuata aliniita akaniambia nitakuwa napita kila Jumatatu kuiangalia mashine, na ikigoma siku yoyote nikimbie. Mshahara 80,000 kwa mwezi. Nilikuwa na miaka 26, na 80,000 ya uhakika ilikuwa inalipa chumba Mabatini na inabaki ya dagaa. Nikashukuru. Sikuuliza fedha hiyo inatoka fungu gani. Niliuona mwenyewe baadaye, daftari la hesabu likiwa wazi mezani: "Matumizi madogo: riboni, sabuni, chai ya wageni, fundi." Nilikuwa baada ya chai.

Niieleze mashine yenyewe, maana niliishi nayo kuliko nilivyoishi na watu wengine. Ilikuwa Pentium ya 166 MHz, memori MB 16, diski inayounguruma, printa ya pini ile inayochapa kwa kupiga kelele kama cherehani iliyokasirika. Programu ya tiketi iliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya zamani ya kompyuta, na mtaalamu kutoka Nairobi, akalipwa, akaondoka, akabadili namba. Skrini ya bluu, herufi njano. Dada anaandika jina la abiria, anakoshuka, tiketi inatoka. Dirisha likifungwa anabonyeza F7, printa inatapika orodha ya abiria wote kwenye karatasi ya nakala tatu: moja ya nahodha, moja ya ofisi ya bandari, moja inabaki kwenye msumari ukutani.

Programu ile ililetwa mwaka 1997, na kwa mtu wa Mwanza mwaka huo unajieleza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na hapa mjini, alfajiri na mapema, watu wakiwa wameanza kufunga mizigo yao washuke. Nilikuwa darasa la sita. Walikufa zaidi ya watu 800, na hiyo "zaidi ya" ndiyo jeraha lenyewe: abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliotambulika walizikwa, na wengi ambao hakuna aliyewatambua wamelala Igoma kwenye makaburi yale unayoyapita ukitoka mjini. Mzee alimpoteza shemeji yake. Alipanda daraja la tatu. "Hakuna karatasi duniani," mzee aliniambia siku moja, "inayosema yule mtu alipanda meli." Mwaka uliofuata akatafuta mtu wa kumwandikia programu inayoshika majina, wakati wenzake wote walikuwa bado wanachana tiketi kwenye kitabu. Kwa hiyo nikisema mzee alikuwa mbahili, na alikuwa, naomba msomaji akumbuke na hilo.

Mwaka 2012 diski ikaanza kulia. Fundi yeyote anaijua sauti ile: tik, tik, kimya, tik. Nikamwambia mzee tununue mashine nyingine kabla haijafa na majina ya watu. Alizunguka siku tatu, akakubali, mtumba kutoka Dar, 350,000. Nikahamisha programu, nikaiwasha mbele yake na mbele ya dada na mbele ya nahodha, ambaye sijui alifuata nini. Skrini ikaandika kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri, programu ikajifunga.

Nilirudia mara kumi. Kosa 200. Nikairudisha mashine ya zamani mezani inayolia tik tik, nikaenda intaneti kafe ya Barabara ya Nyerere, nikakaa usiku tatu. Shilingi 500 kwa saa, kutoka mfukoni kwangu.

Nilichokikuta huko bado kinanichekesha. Programu nyingi za Turbo Pascal zikiwashwa zinajipima kwanza: zinazunguka pale pale na kuhesabu zimezunguka mara ngapi ndani ya milisekunde 55, kisha zinagawanya kwa 55 ili zijue kasi ya mashine. Jibu limetengewa chumba cha namba isiyozidi 65,535. Kwa mashine za wakati wao chumba kilikuwa kikubwa kama uwanja. Prosesa zilipopita takribani MHz 200, jibu likawa halienei mlangoni, na mashine, kwa kukosa neno jingine, inalalamika kwamba imegawanya kwa sifuri. Ile mpya yetu ilikuwa na GHz 2.8, yaani MHz 2,800.

"Yaani shida ni kwamba mpya ina mbio?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi ifunge breki."

Kuna watu huko duniani walishakutana na shida hiyo na kuandika programu ndogo ya kulitibu faili lenyewe, wakaiacha mtandaoni bure. Niliichukua kwenye flopi, kile kidiski cha plastiki cha kuchomeka. Asubuhi ya nne nikaja ofisini, nikaiendesha, programu ya tiketi ikafunguka, skrini ya bluu, herufi njano, dada akapiga vigelegele. Dakika kumi.

Na mzee akanilipa 20,000, kwa sababu kazi ilikuwa ya dakika kumi.

Kosa langu lilikuwa kuifanya mbele yake. Tangu siku hiyo kazi ngumu naibeba nyumbani hata kama ingeisha pale pale, mteja aone inaondoka na aisubiri. Sijaamua kama huo ni ujanja au unafiki. Ninachojua ni kwamba bili ya ile intaneti kafe ilikuwa zaidi ya nusu ya malipo yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Baada ya hapo nikawa fundi wa mashine zilizokwisha. Printa ilikufa kichwa, nikapata nyingine kwa muuza vyuma chakavu Mabatini. Aliniuzia kwa kilo, na alinidanganya kwenye mizani. Sony waliacha kuuza flopi mwaka 2011, mimi nikawa nimefungia boksi la mwisho chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa unga ili unyevu wa ziwa usiziharibu. Kapasita zilizovimba nilibadilisha kwa kunyofoa nzima kwenye televisheni. Mshahara ulipanda mpaka 150,000 kufikia mwaka 2017, na kila ulipopanda nilikuwa nimeomba mara tatu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulieleza vizuri.

Programu ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Umeme ukikatika dada akiwa katikati ya kuandika jina, faili la faharasa, lile linaloiambia programu kila jina liko wapi, linaharibika, na ukiwasha tena inakataa kufunguka. Dawa yake ni amri mbili: unafuta faharasa, unaiambia ijenge upya, dakika tatu umemaliza. Mtoto wa darasa la tano angeweza. Mimi nilikuwa nageuza monita kidogo upande wangu ninapoandika amri zile, kama mtu anavyofunika namba ya siri benki. Dada alikuwa akisogea, nilikuwa namwomba anitafutie kitambaa cha kufutia vumbi. Miaka saba nilifanya hivyo. Nilijiambia: wananilipa baada ya chai, siku wakijua amri hizi watanilipa baada ya hapo pia.

Machi 2019 nilifiwa na mjomba, nikaenda Magu. Ilikuwa miezi sita tu tangu MV Nyerere izame, tarehe 20 Septemba 2018, ikitoka Bugolora kwenda Ukara, kivuko cha watu 101 kilichokuwa kimebeba mara mbili na zaidi. Walikufa zaidi ya watu 220. Viongozi walieleza wakati ule kwamba kujua idadi ya waliopanda kulikuwa kugumu, maana mkata tiketi alifariki na mashine yenye kumbukumbu ikapotelea majini. Mji mzima ulikuwa bado unaongea kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wanapanda boti huku wanapiga simu nyumbani: nimepanda, ya saa mbili.

Siku ya pili ya msiba umeme ulikatika Mwanza asubuhi, dada akiwa katikati ya jina. Ukarudi. Programu ikakataa. Wakanipigia; simu yangu ilikuwa imezima chaji, ipo kwenye begi, mimi niko makaburini na koleo. Nahodha hakutaka kusubiri upepo ubadilike. Dada akachukua daftari la shule la mwanawe, akaanza kuandika kwa mkono, foleni inamsukuma, watu wanapiga kioo.

Boti iliondoka. Katikati ya safari magugumaji yakaziba sehemu injini inakonyonyea maji ya kupoozea, injini ikachemka, wakazima. Walielea karibu saa mbili, mahali ambapo simu hazishiki. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia, waliyasafisha wakaendelea na wakafika. Lakini kwa hizo saa mbili boti ilikuwa haijafika na haipokei, na habari Mwanza haihitaji redio.

Watu walianza kujaa dirishani. Bibi mmoja, dada alinisimulia, alikuja na khanga imefungwa upande upande. Hakulia. Aliuliza tu: "Mjukuu wangu ana shati la njano. Amepanda hii?" Dada akafungua daftari.

Mimi nilirudi kesho yake asubuhi. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kujitetea, msiba ni msiba. Dada hakunitukana. Alinifungulia lile daftari, lina picha ya mwanamuziki kwenye jalada, akaweka kidole kwenye mstari. Mwandiko wa haraka. "Mtu mzima, 1." Chini yake, "Mama + watoto 2." Chini yake, "Mwalimu." Kisha "Mtu mzima, 1" tena, na tena.

"Huyu ni nani, fundi?" akaniuliza.

Nikanyamaza.

"Na huyu?"

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Hakugeuka hata kunitazama, na ningependa zaidi angenitukana yeye.

Amri zile mbili niliziandika siku hiyo hiyo. Nilinunua kaunta buku, nikaandika kila kitu nilichokijua kuhusu ile mashine: tarehe, faharasa, flopi iko wapi, printa ikila karatasi unafanyaje, waya upi usiguswe. Kurasa 31. Dada alijifunza kwa wiki mbili, na ya tatu akawa ananisahihisha. Pembeni ya ukurasa wa tisa kuna maandishi yake kwa kalamu nyekundu: "Hapa hukusema zima printa kwanza." Kweli, sikusema. Nilikuwa naizima bila kujua naizima.

Mwisho wa mwezi nikaomba nyongeza. Mzee akacheka kwa mshangao wa kweli. "Sasa na dada anaweza. Nikuongezee ya nini?"

Hapo nilielewa kwamba hofu yangu ya miaka saba haikuwa ya kijinga. Ilikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimekosea dawa tu. Kuficha amri kulinipa kiburi bila kunipa hela; mshahara wangu ulikuwa pale pale wakati nafunika monita na wakati nimeifunua.

Nikarudi kibandani, nikachukua kalamu. Boti ile ilikuwa inabeba abiria 120 kwa nauli ya 8,000. Safari moja 960,000, mizigo sijaiweka. Mimi mwezi mzima nilikuwa sifiki hata moja ya sita ya safari moja. Nikaandika mara ambazo boti ingelala gatini kama mashine isingeamka kwa wakati, mwaka uliotangulia pekee: nilizihesabu kwenye diari yangu, zilikuwa tisa. Nikaandika bei ya mfumo mpya kama ilivyosemwa na kampuni ya Dar iliyopita kutuuzia. Nikaandika mstari mmoja chini: mashine hii si rahisi, ila tofauti ya bei yake nailipa mimi.

Mstari huo ulinitoka tu, lakini nikautazama muda mrefu. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa akiwaambia wenzake kwa fahari kwamba programu yake ya mwaka 1997 inamgharimu riboni tu. Ilimgharimu riboni kwa sababu usiku tatu wa intaneti kafe, mizani ya vyuma chakavu, kapasita za televisheni na Jumatatu zangu zote hazikuwa zimeandikwa popote. Mfumo wa zamani haudumu wenyewe. Kuna mtu anaubeba, na kadiri anavyolipwa kidogo ndivyo unavyoonekana bado mzima.

Mzee alisoma karatasi taratibu, mdomo unacheza. "Umeandika mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaikunja, akaiweka mfuko wa kanzu. Mwezi uliofuata nikalipwa 250,000, na kwenye daftari nilikuwa nimehamishwa kutoka kwenye matumizi madogo kwenda ukurasa wa mafuta na vilainishi. Hakusema neno. Dada ndiye aliyesema: "Na mimi?" Nilikuwa nimemsahau kwenye hesabu zangu zote, mtu ambaye sasa ndiye alikuwa anaifufua mashine siku sita kwa wiki. Nikarudi kwa mzee mara ya pili kwa ajili yake, nikiwa na aibu. Akaongezwa 30,000, ambayo naiona ndogo hadi leo.

Mzee alifariki mwaka 2022. Mwanawe mkubwa, msomi, akasema haiwezekani biashara ya karne hii iendeshwe na skrini ya bluu, na sikumpinga.

Mwanzoni mwa 2024, kabla hajaibadilisha, kijana mmoja wa kijiweni alinionyesha kwenye simu tangazo la kazi la Ujerumani. Anatafutwa mtu wa kutunza Windows 3.11 na MS-DOS kwenye skrini zinazomwonyesha dereva wa treni hali ya chombo chake. Prosesa ya 166 MHz, memori MB 8. Nilicheka mpaka nikaweka soda chini. Namba ile ile! Na memori ya mzee ilikuwa mara mbili ya yao. "Kumbe mzee wako alikuwa Mjerumani," kijana akasema. Akaendelea kusoma: treni za Muni kule San Francisco zinaongozwa na mfumo wa mwaka 1998 unaopakiwa kwa flopi za inchi 5.25, zile kubwa zinazopinda, ambazo hata mimi nilizikuta zimeshakuwa visahani vya kuwekea chai. Oktoba mwaka huo huo nikasikia wameidhinisha mkataba wa dola milioni 212 na Hitachi Rail kuubadilisha.

Kijiwe kizima kilifurahi, kama tumefungana bao na Ulaya na Marekani kwa pamoja. Ila kuna habari moja ilinikata kicheko. Novemba 2015, siku ya ukungu, uwanja wa ndege wa Orly, Paris, ulisimamisha ndege kwa muda baada ya kompyuta ya Windows 3.1 inayosaidia kuwapa marubani taarifa za hali ya hewa kugoma. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi akasema mafundi wanaoiweza wamebaki watatu, mmoja anakaribia kustaafu. Watatu, Paris nzima. Niliwaza hao watatu wanalipwa kutoka ukurasa gani. Nikawaza pia kama kuna anayegeuza monita.

Mfumo mpya wa mwana wa mzee ulikuja na mashine za mkononi, zile zenye kikaratasi kinachotoka juu, na malipo ya simu, na ujumbe unaomfikia abiria. Vizuri kabisa, sina wivu nao. Gharama yake 1,800,000 kila mwezi, na alilipa miezi mitatu mbele bila kuuliza ina skrubu ngapi. Hela ilikuwepo siku zote, basi.

Kijana aliyetumwa kuufunga alikaa gesti ya Kirumba siku tisa. Mpole, ana laptopu moja na simu tatu. Siku ya nne tukawa tunakula sato pamoja pale mwaloni, akaniambia mshahara wake 450,000, na mikoa anayoihudumia peke yake ni mitano. Ilikuwa mwaka 2025, kima cha chini cha serikali kimetoka kupandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai. Nilimuuliza mtandao ukikatika visiwani mashine inafanyaje. Akatabasamu, akasogeza sahani. "Hapo kuna kitu kidogo nakifanyaga mwenyewe, mzee wangu. Siyo lazima wajue." Nilimaliza samaki wangu. Kisha nikamletea ile kaunta buku, nikamwambia asome ukurasa wa kwanza na maandishi mekundu tu. Sijui kama alisoma. Aliirudisha imepakwa mafuta ya samaki.

Mwezi uliopita usiku dada akanitumia picha kwa WhatsApp. Tiketi, kile kikaratasi cheupe, kidole chake pembeni. Tarehe: 01/01/1970. Mashine za aina hii zinahesabu sekunde kuanzia siku hiyo, na ikizima chaji kabisa kisha ikawashwa mahali pasipo mtandao, ndiko inakorudi.

Nikampigia. "Safari hii wameturudisha nyuma zaidi," akasema.

"Basi nije?"

"Usije, nimeshairekebisha. Nimeandika na kwenye daftari. Nakupigia kuuliza nimtoze bosi shilingi ngapi."

Nikamwuliza ina skrubu ngapi.